Kalibu ya Shingo

Sherifu Burl Haskett alikuwa ameshamweka Wendell Kroft mahabusu, ameshakula chakula chake cha mchana, na sasa alitaka ofisi nzima ifurahi pamoja naye.

"Miaka miwili unamwinda huyu mtu," alisema, akijichokoa meno. "Leo nimemweka ndani, nawe umeninunia."

"Sijanuna. Natazama picha."

Mpelelezi Nola Tveit hakuwa amenuna kweli. Alikuwa na furaha, tena furaha mbaya, ile ya kumwona adui akianguka bila wewe kunyoosha mkono. Miaka miwili nyuma, msimu wa kuwinda kulungu, Tanner Dreyer, kijana wa miaka kumi na tisa, alipigwa risasi msituni na Curt Laskowski, mtu aliyeishi kwa kuwaongoza matajiri wa mjini kuwinda. Curt alisema alidhani ni kulungu. Shahidi alikuwa mmoja tu, shemeji yake Curt, Wendell Kroft huyu huyu, bingwa wa shabaha wa Haldane na vitongoji vyake. Wendell aliapa kwamba kijana hakuvaa kizibao cha rangi ya chungwa ambacho sheria ya Montana inamlazimisha kila mwindaji akivae. Kizibao kilikutwa ndani ya begi la marehemu, kipya, kimekunjwa vizuri. Mama yake, Opal, alisema alimwona akitoka nyumbani amevaa cha kwake, na hicho cha kwenye begi si chake, kinamzidi ukubwa. Baraza la uchunguzi likachukua kiapo cha bingwa, likaacha neno la mama. Faili la Nola lilifungwa mbele ya watu, huku Burl akimpigapiga begani kama anayembembeleza mtoto aliyeshindwa mbio.

Sasa Curt mwenyewe alikuwa amekufa, ameangushwa na risasi moja alipokuwa akifungua geti la shamba lake. Aliyempiga alilala ng'ambo ya korongo, mbali kiasi kwamba mjini kote wangeweza kuhesabiwa watu wachache wenye shabaha ya namna hiyo. Kwenye majani yaliyolaliwa, naibu wa sherifu aliokota risasi moja nzima, haijafyatuliwa, na kitako chake kimezungushiwa pete ya wino wa kijani.

Uwanja wa shabaha wa Haldane una desturi yake. Maganda ya shaba ya risasi hayatupwi, hujazwa upya baruti na kutumika tena, kwa hiyo kila mpiga shabaha huyatia ya kwake rangi ili baada ya mashindano watu wasigombane nani ni mwenye lipi. Kijani ni Wendell. Hakuna aliyethubutu kuitumia rangi hiyo tangu alipoichagua. Na wiki moja kabla ya mauaji, Wendell na Curt walikunjana mashati baani, wakigombea haki ya kuwinda kwenye shamba la jirani.

"Ana bunduki, ana ugomvi, na ameacha jina lake kwenye majani," Burl alisema. "Kesho asubuhi anasimama mbele ya hakimu. Wewe unatafuta nini tena?"

Nola aliisogeza picha mbele yake. "Hawa ni nini?"

"Sisimizi."

"Juu ya risasi?"

"Kilimani, Septemba, na jua lile? Hata mimi ningelala pale wangenipanda."

"Wewe una nyama, Burl. Shaba hailiwi."

Burl alicheka, akachukua kofia yake, akaenda kuongea na mtu wa gazeti. Nola alikwenda chumba cha vielelezo, akavaa glavu, akaitoa ile risasi kwenye mfuko wake na kuiweka chini ya kioo cha kukuzia.

Aliinusa kwanza. Kulikuwa na kaharufu hafifu ka mafuta yaliyochacha, si mafuta ya bunduki. Kisha akaangalia ganda. Shingo ya ganda, pale risasi yenyewe inaposhikiliwa, iling'aa kama imesuguliwa leo. Kuanzia hapo kwenda chini, mwili wa ganda ulikuwa umefubaa, na bado ulikuwa na masizi ya zamani. Kwenye kitako, juu ya pete ya kijani, palikuwa na mkwaruzo mpya uliozunguka nusu duara. Mtu aliisukuma risasi hii kwenye bunduki, ikagoma, akalazimisha, ikagoma tena, akaichomoa.

Alimwita naibu awe shahidi, akatoa pini ya kufyatulia kwenye bunduki ya Wendell ili isilete balaa, akaiingiza ile risasi. Bolti, komeo la kufungia risasi ndani ya bunduki, ilifunga kwa kidole kimoja.

"Imeingia laini," naibu alisema. "Basi ni yake."

"Ni yake," Nola alisema. "Ndiyo maana sielewi ni nani aliyegombana nayo."

*

Wendell Kroft alikuwa ameketi kitandani mahabusu, ameninginiza kofia kwenye goti, kama mtu anayesubiri zamu ya kinyozi.

"Bi Tveit," alisema. "Umekuja kunicheka."

"Baadaye. Kwanza niambie unavyotengeneza risasi zako."

"Wewe unanunua za dukani, kwenye boksi. Hutaelewa."

"Nieleweshe polepole."

Wendell alivuta pumzi. Hakupenda kuhojiwa, lakini alipenda sana kusikilizwa, na la pili likashinda. "Ganda likifyatuliwa linavimba. Linajaa chemba, pale risasi inapokaa ndani ya bunduki iliyolifyatua. Ukitaka kulitumia tena, unalisukuma ndani ya kalibu, chuma chenye tundu, lirudi umbo lake. Kuna kalibu ya kubana mwili mzima. Kuna ya kubana shingo peke yake."

"Wewe unatumia ipi?"

"Mwili mzima. Kila mara, kila ganda. Habari za shingo tu ni za babu zetu na za watoto wanaosoma mitandaoni. Nenda karakana kwangu, hutapata kalibu ya shingo hata moja. Halafu ninayaosha maganda yangu mpaka unaweza kujitazamia."

"Ganda tuliloliokota limebanwa shingo tu. Na ni chafu."

Kwa mara ya kwanza Wendell alimtazama sawasawa. "Basi si mimi niliyelijaza."

"Lina pete yako."

"Maganda yaliyochoka naacha uwanjani, kwenye ndoo ya vyuma chakavu, pale karibu na dirisha la chakula. Yeyote anaweza kuchota." Aliegemea ukuta. "Unanichukia, Bi Tveit, lakini kazi unaijua. Utanitoa hapa."

Nola alihisi uso unamwaka moto. Alikuwa amekuja akitumaini mtu huyu atajikanyaga, naye alikuwa amempa ukweli uliokamilika na bado anampongeza.

"Kizibao cha Tanner kilikuwa wapi?" aliuliza.

"Hilo nilishalijibu kwa kiapo."

"Najua. Nilikuwepo."

"Basi." Wendell aliivaa kofia, akaivuta ikafunika macho.

*

Duka la Mick Etchart liko mtaa wa nyuma, kati ya duka la viatu vya farasi na kanisa la Walutheri. Mick aliuza baruti, fataki, mizani na kila chuma kinachohitajika kutengeneza risasi nyumbani, na ushauri alitoa hata kwa asiyeutaka. Nola alimkuta anakula mkate wa mdalasini kutoka kwenye sinia lililofunikwa kwa kitambaa cha jikoni.

"Dada Nola! Mtu wa serikali dukani kwangu. Nimeua nani?"

"Nataka kuanza kutengeneza risasi. Nifundishe kuchagua kalibu."

"Wewe?" Mick alilamba vidole, akavipangusa kwenye suruali. "Baba yako alikuwa akinunua boksi moja kwa mwaka na kulirudisha nusu. Haya. Bunduki ya namna gani?"

"Ya milimita sita na nusu. Kama ya Wendell."

Mick alilisogeza sinia pembeni. Kisha akaweka maboksi matatu mezani, moja moja.

"Hii ya bei mbaya ina vipete vya ndani vya kubadilisha, unachagua shingo ibanwe kiasi gani. Achana nayo, utachanganyikiwa kabla hujapiga risasi ya kwanza. Hii ni ya mwili mzima. Ganda likitoka humu linaingia bunduki yoyote ya aina hiyo, yako, yangu, ya padri. Mtu anayeanza anunue hii, aende zake nyumbani, alale."

"Na ya tatu?"

"Ya shingo. Haigusi mwili. Ganda linabaki na umbo la bunduki lilikotoka. Wazee walisema inalenga vizuri zaidi. Tena haihitaji mafuta mengi ya kulainisha, ndiyo maana wanaoanza wanaipenda, wanaona ni rahisi. Lakini ukiokota ganda la mwenzako ukalibana shingo tu, ukalitia kwenye bunduki yako…" Mick alikunja ngumi mbili, akazigonganisha. "Bolti haifungi. Ni sawa na kuvaa kiatu cha mtu mwingine."

"Ni nani mwingine aliyekuja kuanza mwaka huu?"

"Watu huingia, hutoka."

"Mick."

"Mwalimu wa muziki. Yule mgeni kutoka California, Pruett. Alininyonya maswali siku nzima."

"Alinunua ya shingo?"

"Nadhani. Nazeeka, dada."

Mick Etchart alikuwa na kichwa kinachokumbuka kila kulungu aliyemkosa tangu utotoni. Nola alimtazama, naye Mick akatazama sinia.

"Chukua mmoja," alisema. "Bado wa moto."

*

Mwalimu Pruett alifungua mlango akiwa na kitabu cha maelekezo mkononi na miwani ya usalama usoni, ingawa nyuma yake hapakuwa na kitu cha hatari isipokuwa paka.

"Afisa, nimevunja sheria?"

"Bado. Naomba nione kalibu uliyonunua kwa Mick."

Aliileta kwa mikono miwili. Boksi lilikuwa bado limefungwa kwa nailoni ya kiwandani. Nola aligeuza, akasoma maandishi ya ubavuni. Mwili mzima.

"Hujaifungua?"

"Nasoma kwanza. Nimefika sura ya nne." Alisita. "Nilitaka ile ya shingo, mtandaoni wanaisifu. Bwana Etchart alinikatalia katakata. Alisema mtu anayeanza na ya shingo anatafuta shida, na yeye hauzi shida. Alisema mwaka huu ameuza moja tu, tena anajuta."

"Alisema amemuuzia nani?"

"Hapana. Alifunga mdomo, akanipa mkate wa mdalasini."

Nola alirudi kwenye gari na kukaa bila kuwasha injini. Mikate ile. Mji mzima unaijua, lakini haiuzwi dukani. Mpishi wake huioka siku za mashindano tu, na kuiuza pamoja na bakuli la maharage ya pilipili kwenye dirisha la chakula uwanjani. Mashindano ya mwisho yalikwisha Agosti, na mengine yalikuwa bado. Basi sinia la mikate ya moto lilifanya nini juu ya meza ya Mick, siku ya kazi, kama si shukrani ya mtu aliyefundishwa kitu? Na ndoo ya vyuma chakavu iko chini ya dirisha lile lile. Na sisimizi hawapandi shaba, ila shaba iliyoshikwa na vidole vyenye mafuta na sukari.

Alilijua jina kabla ya kuugeuza ufunguo wa gari. Alilijua pengine tangu alipoinusa ile risasi, na akazunguka mji mzima akitafuta mtu mwingine yeyote.

*

Opal Dreyer aliishi peke yake kwenye nyumba ya mbao mwisho wa barabara ya changarawe. Alikuwa anakanda unga. Hakushangaa.

"Ingia, binti. Futa miguu."

Nola alifuta miguu. Kwenye kiti cha pembeni palikuwa na jaketi la Tanner, bado limening'inizwa mgongoni mwa kiti kana kwamba mwenyewe ametoka kidogo tu.

"Opal, kabla hatujaongea. Una haki ya kunyamaza. Una haki ya wakili, na ukikosa wa kwako serikali itakupa. Umenielewa?"

"Nimeelewa. Kahawa?"

"Hapana. Naomba kuiona bunduki ya baba yako. Unaweza kukataa, nitakwenda kwa hakimu, nitarudi jioni."

"Ipo nyuma ya mlango. Haina kitu ndani."

Ilikuwa bunduki ya zamani, nayo ya milimita sita na nusu, kitako kimeng'arishwa na mashavu ya watu wawili, baba na binti. Opal alimwangusha swala wake wa kwanza kwa bunduki hii akiwa darasa la tano, na picha ya siku hiyo ilitundikwa kwenye ukuta wa baa. Nola alitoa mfukoni ganda tupu, mojawapo ya maganda ambayo yeye na naibu waliyachukua karakana kwa Wendell, lenye pete ya kijani, limefyatuliwa kwenye bunduki ya Wendell na halijabanwa popote. Aliliingiza. Bolti ikashuka nusu, ikagoma. Akasukuma kwa kiganja. Ikagoma. Alilichomoa, akalipeleka dirishani. Kitakoni, juu ya pete, palikuwa na mkwaruzo wa nusu duara.

Alilisimamisha ganda mezani, katikati ya unga. Opal alilitazama huku akiendelea kukanda.

"Kumbe linaandika," Opal alisema.

"Linaandika."

"Mick hakuniambia hilo."

"Alikuambia ununue ya mwili mzima."

"Aliniambia. Alinieleza vizuri sana, maskini, hakujua anaeleza nini. Alisema kalibu ile inalifanya ganda liwe la bunduki yoyote." Opal aligeuza donge la unga, akalibamiza chini. "Mimi sikutaka liwe la bunduki yoyote. Nilitaka libaki la Wendell. Nilitaka mkilipima mkute ni la kwake, ndani na nje."

"Na ukaacha moja nzima ili tusione alama ya pini yako."

"Nyumbani zilikuwa zinaingia kwa kusukuma. Kule kilimani ya kwanza ikagoma. Nikasema, sawa, wewe ndiye utakayebaki. Ya pili ikakubali." Alisimamisha mikono. "Curt alikuwa anafungua geti huku anapiga mluzi. Miaka miwili mwanangu yuko chini, yeye anapiga mluzi."

Nola alilitazama jaketi la Tanner. Alikuwa anaisikia hasira ile kama ya kwake, na kwa kweli sehemu yake ilikuwa ya kwake.

"Unanilaumu?"

"Lawama zangu hazina kazi hapa, Opal."

"Jibu."

"Curt simlilii."

"Curt nilitaka afe, basi. Yeye alikuwa mlevi na mwoga, alifyatua kabla ya kutazama. Lakini Wendell hakuwa mlevi. Wendell alikaa pale, akafikiri. Alimvua mwanangu kizibao, Nola. Mtoto bado ana joto. Akamvua kile chenye damu, akatafuta kingine kipya, akakikunja begini." Sauti yake haikupanda. "Kwa hiyo Wendell sikutaka afe. Nilitaka aishi miaka mingi ndani, kila siku aseme kweli, 'Si mimi,' na asiwepo hata mtu mmoja wa kumwamini. Aonje. Mimi nimeionja."

Saa ya jiko ilikuwa inagonga. Opal alifuta mikono, akafungua droo ya miiko, akatoa chuma kidogo cha mviringo kilichofungwa kwenye leso. Kilikuwa bado kinang'aa mafuta ya nguruwe, yale yale ya mikate yake. Alikiweka mbele ya Nola.

"Hii hapa kalibu yako. Kisima kiko nyuma, kina kina kirefu. Ganda hilo lirudi mfukoni kwako. Burl ameshamfunga, ameshaongea na gazeti, hataki kusikia jambo jingine. Huna haja ya kusema uongo. Nyamaza tu."

"Ulijua ni mimi nitakayepewa kesi."

"Ningemwachia nani? Ulisimama kaburini ukaniambia Wendell Kroft atalipa. Hukusema 'labda.'"

"Sikusema."

"Basi."

Nola alikishika kile chuma. Kilikuwa kizito kuliko alivyodhani. Kisima kilionekana dirishani, na kifuniko chake kimefunguliwa tayari. Alikitazama kisima muda mrefu.

"Siwezi," alisema.

"Huwezi au hutaki?"

"Nataka. Usiniulize tena maana nataka sana." Alikiweka chuma chini. "Lakini nisikilize. Akifungwa kwa hili, hakuna atakayemwuliza tena habari ya kizibao, maisha yake yote. Mkewe atalia barabarani. Atakata rufaa. Atapata mwanasheria mahiri, atampa mtu kama mimi maganda yale ayapime, na siku moja atatoka, na watu wa Haldane watampigia makofi. Watamwonea huruma, Opal. Utamfanya mtu aliyeonewa."

Opal alikaa kwenye kiti chenye jaketi. Ilikuwa mara ya kwanza kukalia kiti kile mbele ya mgeni.

"Na mimi nikienda?"

"Wewe utakwenda muda mrefu. Sitakudanganya. Lakini utaulizwa kwa nini. Mbele ya watu kumi na wawili watakaoamua kesi, mlango wa mahakama umefunguliwa. Na ukiulizwa wewe kwa nini, naye ataulizwa."

"Ataapa uongo tena."

"Safari ile walikuwa wawili, kila mmoja akimshika mwenzake mkono. Mmoja umemwondoa."

Opal alifikiri. Alifikiri kama alivyokuwa akifikiri uwanjani, akipima upepo. Kisha akasimama, akavua aproni, akazima jiko ambalo halikuwa limetiwa kitu. Donge la unga alilifunika kwa kitambaa, halafu akacheka kidogo na kukifunua tena, kwa kuwa hapakuwa na wa kurudi kulioka.

"Nivae viatu gani?" aliuliza.

"Vyenye joto."

*

Burl Haskett alitukana vya kutosha, akapiga simu gazetini, akatukana tena. Nola alimwachia Opal chumba chenye dirisha na mtu wa kumletea wakili, kisha akashuka ngazi kwenda mahabusu na funguo.

Wendell alikuwa amesimama kabla mlango haujafunguka. Alikuwa amesikia.

"Nilikuambia," alisema, akijipangusa suruali. "Kazi unaijua. Kumbe ni yule mama wa mikate? Mungu wangu. Nimenunua maharage kwake miaka yote hii." Alinyoosha mkono kuchukua kofia. "Sikuwekei kinyongo, Bi Tveit."

"Nashukuru. Usiende mbali, utaitwa shahidi."

"Shahidi wa nini? Mimi sikuona kitu."

"Maganda ni yako. Pete ni yako. Mwendesha mashtaka atahitaji uyatambue kwa kiapo." Nola aliufungua mlango mpaka mwisho, ukagonga ukuta. "Akimaliza yeye, atasimama wakili wa Opal. Atataka watu wajue kwa nini mwanamke aliyeoka mikate maisha yake yote alijifunza kutengeneza risasi. Hatakuwa na swali jingine ila lile moja. Atakuuliza kizibao cha Tanner kilikuwa wapi ulipomkuta. Nacho kile cha begini bado ninacho kwenye chumba cha vielelezo, pamoja na nywele iliyokwama kwenye zipu. Wakati ule hakuna aliyetaka kuipima. Sasa wakili ataomba ipimwe, ijulikane ni ya nani."

Wendell alikuwa amefikia kizingiti. Alirudi nyuma hatua moja.

"Nilishajibu hilo," alisema.

"Utajibu tena. Curt hatakuwepo kukuitikia." Nola alitundika funguo kiunoni. Furaha mbaya ya mchana ilikuwa imemrudia, na safari hii hakuona sababu ya kuionea haya. "Uko huru, Bwana Kroft. Nenda nyumbani."

Aliuacha mlango wazi, akapanda ngazi. Alipofika juu alisimama asikie nyayo zikimfuata. Alichosikia ni kitanda cha chuma kikilia, mtu alipokikalia tena.